Tanga Lenye Kifua

Kheri alikata nyuzi kwa wembe, moja moja, kuanzia pembe ya chini. Alikuwa amepiga magoti juu ya turubai lililotandazwa kwenye baraza ya saruji, mgongo ameupa upepo, na kila mshono ulipofunguka aliupuliza vumbi na kuupapasa kwa kidole gumba aone kama kitambaa kimechanika. Hakikuchanika. Mishono ile aliishona mwenyewe mwezi wa pili, kwa uzi wa nailoni uliopakwa nta, na aliishona ili isifumuke maisha yake yote. Sasa ilikuwa inamsumbua yeye mwenyewe.

"Baba Shamimu," mkewe Hamisa aliita kutoka ndani, cherehani yake ikinyamaza kidogo, "hilo tanga unalifumua mara ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Mimi nikifumua gauni mara tatu, bibi harusi anaolewa na kanga."

Kheri alicheka bila kuinua kichwa. Ilikuwa Jumanne, mwisho wa mwezi wa tisa, mwaka tisini na mbili, msimu ambao upepo wa Makambako huanza asubuhi na kushika kasi mchana, ukibeba vumbi la tambarare za Wanging'ombe na kulimwaga kwenye uji wa watu. Alhamisi alfajiri lori la Danford lingeondoka Njombe kuelekea Ludewa, na kutoka Ludewa lingeshuka mabondeni mpaka Lupingu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kheri alitakiwa awemo, na tanga liwemo. Maana yake kesho jioni ilibidi awe Njombe.

Ukutani, juu ya cherehani ya mkewe, ilining'inia kalenda ya duka la mbolea. Juu yake Kheri alikuwa amezungushia duara kila siku aliyoingia ziwani kwa tanga. Duara zilikuwa hamsini na nane. Alitakiwa afikishe mia kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, mwisho wa mwezi wa kumi na moja. Akifika Lupingu Jumamosi, angebakiwa na siku hamsini na saba, na katika hizo alihitaji arobaini na mbili. Hesabu hiyo alikwisha kuifanya mara nyingi, na kila mara ilitoa jibu lile lile.

Mashua haikuwa yake. Ilikuwa ya Laurenti, mtu wa Lupingu aliyeichonga kwa mikono yake, mbao kwa mbao. Kheri alimfahamu miaka mitatu nyuma, alipoteremka na lori la chumvi kwenda kuziba turubai lililochanika njiani. Lori liliharibika, wakakaa siku nne, na siku ya pili Laurenti, aliyechoka kumwona mgeni ameketi bure juu ya gunia, alimwambia apande mashua wakapeleke vyungu. Kheri alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alizaliwa Dodoma, akakulia kwenye vumbi, akahamia Makambako kufuata malori. Hakuwahi kukaa juu ya kitu kinachokwenda bila kelele. Siku ile tanga lilipojaa na mashua ikalala kidogo upande mmoja na kuondoka, hakutaka kushuka mpaka jioni, na aliporudi Makambako hakuwa mtu wa kusikia tena habari za kitu kingine.

Laurenti alimfundisha misimu miwili, kisha akafariki. Mjane wake, Mama Fidelia, ni mfinyanzi. Vyungu vyake, na vya wanawake wengine wa pwani ile, huuzwa vijiji vya mbali ambavyo havina barabara, na havina njia nyingine isipokuwa maji. Baada ya siku za msiba ndugu walikaa kikao. Danford, mpwa wa marehemu, mfanyabiashara wa Njombe, alitaka mlingoti ukatwe, mashua ifungwe mashine. Mama Fidelia hakuitaka mashine. Alisema inatetemesha mbao na vyungu vinagongana. Lakini hakutaka pia mashua ikae mchangani ikisubiri mtu wa Makambako apate nafasi.

"Mashua ikikaa juu, mbao zinakauka, zinaachana," alimwambia Kheri mbele ya ndugu wote. "Laurenti alikuwa anatoka siku mia na zaidi kila mwaka. Kuanzia Majilio haya mpaka Majilio yajayo, wewe nitolee siku mia. Siku ni ile tanga limepanda, ukaenda mpaka ukigeuka huwezi kuhesabu milango ya nyumba zetu. Kupiga kasia hakuhesabiki. Ukifika mia, mashua ni yako, nawe utabeba vyungu vyangu. Usipofika, Danford alete mashine yake."

Kheri alikubali, na toka siku hiyo aliutazama mwaka kama kitambaa ambacho hakitoshi nguo. Aliupima, akaupindua, akatafuta mahali pa kubana. Mvua zilipokaribia alishuka kabla barabara haijakatika, makusudi, akabeba sindano na kidonge cha uzi, na barabara ilipokatika akawa upande wa ziwa. Alikaa wiki tano akishona nyavu na vyandarua asubuhi na kutoka na mashua mchana. Mwezi wa Ramadhani alifunga akiwa majini, na alifuturu kwa Mama Fidelia, mihogo na dagaa. Mwezi wa sita na wa saba, malori ya mahindi yalipojaa Makambako, hakuweza kuondoka, lakini aliwaomba madereva wa njia ya Ludewa wawe wanamwekea matengenezo yao huko huko Ludewa, na kwa hila hiyo alipata siku saba. Tena siku hizo za ruksa, biashara ilipofunguliwa, maturubai ya plastiki yalikuwa yameanza kuingia kutoka nje, mepesi, rangi ya bluu, na wateja walikuwa wanampungua. Wenzake walilalamika. Kheri hakulalamika sana. Kila plastiki iliyompokonya mteja ilimwachia siku.

Tatizo halikuwa siku za kuwepo. Tatizo lilikuwa tanga.

Tanga la Laurenti lilikuwa kuukuu, likachanika vipande viwili mwezi wa kwanza, na Kheri alilishona jipya kwa turubai bora alilokuwa nalo. Lilikwenda vizuri ajabu, alimradi upepo utoke nyuma. Ukitoka ubavuni, mashua ilisogea ubavu ubavu kama kaa. Ukitoka mbele, haikwenda kabisa. Basi mwera ulipovuma kutoka kusini alikimbia nao kwenda kaskazini, akashusha vyungu, na kurudi akashindwa. Mara nyingine alikaa siku nne kijiji cha ugenini akisubiri upepo ugeuke, na siku za kusubiri hazina duara. Katika kila siku kumi alizokaa ziwani, alitoka nne. Kwa mwendo huo, hata akihamia Lupingu leo, angefikia themanini na kitu, na Danford angekuja na msumeno.

Mara ya kwanza alilifumua kingoni tu, akalipunguza. Mara ya pili, kingoni tena, akaliongeza. Jana yake alikuwa ameazima toroli la magurudumu manne la Kristina, jirani yao muuza viazi pale stesheni, akasimamisha juu yake mti wa mkaratusi alioununua Njombe, akalivuta mpaka uwanja wa mpira karibu na maegesho ya malori. Alitaka kuona kosa kwa macho, mahali pasipo na mawimbi. Toroli lilikimbia na upepo mpaka golini. Alipoligeuza ubavu, lilisimama. Madereva waliacha chai zao.

"Makambako tumepata bandari!" mmoja alipiga kelele.

"Nahodha, nauli ya mpaka Mdandu ni ngapi?"

Kheri aliwajibu kwamba Mdandu kuna kilima, meli haipandi, na akalirudisha toroli kwa Kristina.

Sasa alikuwa amefumua mishono miwili kati ya minne, na hakujua atakaposhona tena atashona tofauti gani. Vipande vitano vya turubai, vilivyounganishwa bapa, vimenyooka. Alivipapasa. Havikuwa na kosa. Miaka kumi na minne alikuwa anasifiwa kwa jambo hilo: turubai la Kheri likifungwa juu ya lori linakaa kama meza. Turubai lenye tumbo hukamata upepo, hupigapiga, na likifika Mafinga limekuwa matambara. Mkono wake ulijua kuondoa tumbo hata akiwa amelala.

"Kamwene! Hodi hapa!"

Alikuwa Mama Emilia, mwanakwaya wa usharika wa Kilutheri, mwanamke mnene mwenye sauti nene, na alikuja kupima blauzi ya sare. Alikanyaga pembeni mwa turubai kwa uangalifu. "Baba Shamimu, hili nalo limekuwa shamba? Kila nikija linapaliliwa."

"Karibu, mama. Mwaka huu halijatoa mazao."

Hamisa alimwingiza ndani, mlango ukabaki wazi kwa ajili ya mwanga. Kheri aliendelea na wembe wake. Alisikia Mama Emilia akiivaa blauzi, na mkewe, pini mdomoni, akisema kama kawaida yake, "Haya, imba."

Hamisa alikuwa na desturi hiyo. Nguo ya kwaya hakuipima mtu akiwa kimya. Alisema mtu akinyamaza anakuwa mdogo, na blauzi iliyopimwa kimya itakatika vifungo Jumapili, mbele ya mchungaji. Mama Emilia alivuta pumzi na kutoa sauti moja ndefu ya chini, ikatikisa vikombe kabatini.

Kheri aliinua macho. Kitambaa cha bluu, ambacho jana alikiona juu ya meza kimekaa bapa kama karatasi, kilikuwa kimejaa. Kilijaa mbele, taratibu, bila kuvutika pembeni, na sauti ilipokwisha kikarudi. Mama Emilia alivuta tena pumzi. Kikajaa tena.

"Baba Shamimu!" Hamisa alitoa pini mdomoni. "Unamtazama mteja wangu hivyo?"

"Natazama mshono."

"Mshono uko kifuani mwa mke wa mtu!"

Mama Emilia alicheka mpaka pini moja ikadondoka. "Mwache, Mama Shamimu. Mwaka wa ishirini na tisa wa ndoa yangu, ni vizuri kutazamwa."

"Samahani, mama. Nisamehe sana." Kheri alikuwa amesimama mlangoni, wembe mkononi, macho ameyainamisha chini. "Mama Shamimu, hiyo nafasi ya pumzi imetoka wapi? Kitambaa kilikuwa bapa."

Hamisa alimtazama mumewe. Aliona kwamba hakuwa na mzaha. Alimgeuza Mama Emilia kidogo, akamwonyesha chini ya kwapa: vikunjo viwili vyembamba, vipana pale vinapoanzia, vikipungua mpaka kuisha.

"Hapa nimemeza kitambaa. Nimebana pembeni, katikati sikubana. Basi katikati kinabaki na ziada, kinakosa pa kwenda, kinatoka mbele. Hili hata msichana wa mwezi mmoja kwenye cherehani analijua."

"Mimi silijui," Kheri alisema. "Mimi miaka yote nimekuwa nikiiondoa hiyo ziada."

Mama Emilia alipoondoka, Hamisa alitoka barazani na chaki yake. Alilizunguka lile turubai mara moja, mikono kiunoni, kama alivyozoea kumzunguka mteja mpya.

"Umeshona kitambaa cha meza, mume wangu. Pumzi ikae wapi?" Alipiga magoti. "Upepo unaingia upande upi?"

"Huu."

"Na kifua unakitaka wapi?"

Kheri alifikiri. Alikumbuka tanga la Laurenti lilivyokuwa limechakaa na kulegea, na jinsi lile kuukuu lilivyobisha upepo, likienda kushoto kisha kulia mpaka linafika mahali upepo unapotoka. Siku zile alidhani ni mkono wa Laurenti tu. "Hapa. Karibu na mbele. Kule nyuma pabaki bapa."

"Nimeze vidole vingapi?"

"Sijui."

"Nami sijui. Tuanze na vidole viwili kwenye ncha, tumalizie na sifuri katikati. Kila muungano. Kikizidi tutafumua."

"Mara ya nne."

"Ya nne, ya tano. Wewe si ndiye unayetaka siku mia?"

Walishona pamoja, yeye upande huu, mkewe upande ule, kwa sindano nene na vipande vya ngozi viganjani. Hamisa hakuwahi kushona turubai. Alilaani ugumu wake kwa Kiswahili na kwa Kirangi cha mama yake, lakini mstari wake ulikuwa umenyooka kuliko wa mumewe. Mpaka saa tisa mishono miwili ya mbele ilikuwa imekamilika. Ile miwili ya nyuma waliishikiza tu kwa hatua ndefu, ili waone kwanza. Kamba ya pembeni, inayoshika tanga lisichanike, hawakuigusa.

Kristina aliwaazima tena toroli lake, na magunia mawili ya viazi ya kulitia uzito, kwa sharti kwamba viazi visimwagike. "Vikimwagika, utavila vyote wewe na hiyo meli yako."

Uwanjani upepo ulikuwa unatoka upande wa Njombe, mkali, wa kukausha midomo. Kheri alilifunga tanga kwenye mti, akapanda juu ya magunia, akashika kamba. Aliligeuza toroli ubavu kwa upepo, pale pale liliposimama jana. Hamisa alisimama kando, kanga ameikaza kiunoni. Madereva walikwisha kusogea.

Tanga lilipigapiga mara mbili. Kisha likajaa, mbele, karibu na mti, taratibu, kama vile limevuta pumzi. Magurudumu yakalia. Toroli likasogea, likasita kwenye nyasi, likasogea tena, na ghafla likawa linakwenda, likikata uwanja kutoka goli hili kwenda lile, upepo ukimpiga Kheri shavu la kushoto na si mgongoni.

"Linakwenda!" Hamisa alipiga kigelegele, akaziba mdomo kwa aibu, kisha akapiga kingine.

Kheri hakusikia. Alivuta kamba, akalielekeza toroli upande upepo unapotoka, kidogo, kisha kidogo tena. Lilipunguza mwendo lakini halikusimama. Likaendelea hivyo hatua kumi na tano, ishirini, ndipo ukingo wa mbele ulipoanza kutetemeka, uzi mmoja wa kushikiza ukakatika kwa mlio, na tanga likalegea. Viazi vitatu vilidondoka.

Madereva walipiga makofi. Nyuma yao mtu mmoja, aliyevaa koti zito la baridi ya Njombe, hakupiga makofi. Alikuwa Danford. Alikuja Makambako kupakia sukari, akasikia habari ya meli.

"Bwana Kheri," alisema akimpa mkono, "nimeona mengi kwenye biashara, lakini sijaona viazi vikisafiri namna hii."

"Shikamoo yako naidai, mwanangu. Mimi ni mkubwa kwako."

"Shikamoo, mzee." Danford alicheka, kisha akaacha kucheka. Alishika ukingo wa tanga, akaupima unene. "Nikuulize bila ugomvi. Kwa nini usikubali mashine? Nikuajiri mimi, uwe nahodha. Utatoka siku mia tatu, mvua na jua. Na mgonjwa akizidiwa kule kijijini anafika Lupingu kwa saa mbili, hasubiri upepo."

Kheri alikunja kamba mkononi. Jambo la mgonjwa lilikuwa kweli, na hakutaka kulijibu kwa haraka. "La mgonjwa ni kweli," alisema mwishowe. "Nunua mashua nyingine uifunge mashine, nami nitakusaidia kuisukuma majini. Hii iliundwa kwa tanga. Na siku hizo mia tatu zitakuwa siku za mashine, hazitakuwa zangu."

"Umebakiza ngapi?"

"Arobaini na mbili."

"Katika?"

"Hamsini na saba."

Danford alipiga mluzi. "Mvua ikiwahi, huzipati."

"Huenda."

"Mimi neno langu ni lile lile. Majilio yakifika hujatimiza, nakuja na msumeno. Ukitimiza, sitatia mguu." Aliokota kile kiazi kilichokuwa karibu na kiatu chake, akakirudisha kwenye gunia. "Alhamisi saa kumi alfajiri, nyuma ya soko. Sikungoji. Na hilo lidude lako likunje vizuri, lisilalie sukari yangu."

Walipolirudisha tanga barazani jua lilikuwa limeshuka nyuma ya paa za stesheni. Kheri alilitandaza upya, akatafuta pale lilipotetemeka. Hamisa alichora duara kwa chaki. Ukingo wa mbele ulikuwa umelegea. Kamba yake ingebidi ivutwe kwanza, ndipo ishonwe. Mishono miwili ya nyuma ilikuwa bado. Kamba ya pande zote ilikuwa bado. Na kesho basi la mwisho kwenda Njombe lingepita saa kumi alasiri.

"Nikiwasha taa naweza kumaliza mmoja," Kheri alisema.

"Ukishona na taa, mkono unarudi kwenye bapa. Nakujua." Hamisa alikusanya pini zake kwenye kopo. "Kesho kukicha. Sare za kwaya zitangoja mpaka Alhamisi. Mama Emilia nimemwambia, amesema tanga kwanza." Akalifunga kopo. "Na mwezi wa kumi na moja nitashuka huko. Nataka kuliona hilo ziwa. Unipakie na vyungu."

"Siku utakayopanda, ataihesabu nani?"

"Mama Fidelia. Asije akasema nimekupendelea."

Kheri alitunga uzi mpya kwenye sindano, akaupaka nta, akashona hatua nne za muungano wa tatu kufuata mstari wa chaki, vidole viwili kwenye ncha. Hatua ya tano hakuiona vizuri. Akaichomeka sindano pale pale, kwenye turubai, uzi wake ukiwa umenyooka, na akaweka jiwe juu ya kila pembe, upepo usije ukalichukua kabla yake.